Rangi: Neno Moja, Mizigo Mitatu
Uhakiki wa tafsiri ya mwongozo wa sanaa

Miongoni mwa kazi zilizofika katika meza yetu ya istilahi ni tafsiri ya mwongozo mmoja wa sanaa. Mwongozo huo, ulioandikwa kwanza kwa Kiingereza, ulikusudiwa kuwasaidia wanafunzi wa ualimu, pamoja na watoto wa shule za msingi za jirani, kuchora picha kubwa katika ukuta wa ukumbi. Picha hiyo ilitakiwa ionyeshe mambo mawili: rangi zilizotumiwa na binadamu zimetoka wapi, na zimebeba maana gani katika jamii mbalimbali. Sisi tuliombwa tuisome tafsiri, tusahihishe makosa madogo madogo, kisha tuipitishe ili ipelekwe kwa mpiga chapa.

Sikuipitisha. Jambo hilo liliwaudhi walioileta, na ni haki yao kuelezwa sababu. Aidha, sababu zenyewe zinawahusu wafasiri na walimu wengi zaidi ya hao, kwa hiyo nimeona ni vema nizieleze hapa. Nianze kwa kukiri kwamba mtafsiri ni mtu mwenye bidii. Sentensi zake ni za Kiswahili, si za Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Kasoro ninayoihakiki si ya uvivu. Ni kasoro ambayo mimi mwenyewe niliwahi kuifanya katika orodha yangu ya kwanza ya istilahi za ufundi, nilipoandika neno "rangi" mbele ya vidahizo vitatu tofauti, nikadhani nimemaliza kazi.

Mizigo mitatu

Katika sura ya pili ya tafsiri kuna sentensi hii: "Rangi nyekundu ni ya hatari." Mwalimu yeyote akiisoma atakumbuka taa za barabarani, bendera ya onyo, na alama zilizobandikwa kwenye nguzo za umeme. Atawaeleza watoto hivyo, na watoto watakubali. Lakini matini ya asili haikuwa ikizungumzia alama. Ilikuwa ikizungumzia unga mmoja mwekundu uliotumiwa na wachoraji kwa karne nyingi, unga wenye zebaki ndani yake, ambao haufai kuguswa wala kupuliziwa karibu na mtoto. Mtafsiri hakukosea hata neno moja. Hata hivyo onyo la sumu limegeuka kuwa somo la alama.

Chanzo cha mkanganyo huo ni kwamba neno "rangi" limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza ni mwonekano: kile kinachoonwa na jicho, kama wekundu wa damu au weusi wa mkaa. Pili ni kitu: unga, majimaji, udongo au utomvu unaoleta mwonekano huo. Tatu ni maana: yale ambayo watu wamekubaliana kwamba mwonekano fulani unayaashiria. Mwongozo uliokusudiwa kueleza historia ya vitu na historia ya maana hauwezi kusimama iwapo msomaji hajui ni mzigo upi unaotajwa.

Yamkini mtu atasema kwamba hii ni kasoro ya lugha yenyewe. Sikubaliani na rai hiyo. Kiswahili hutenganisha mambo haya, ila aghalabu hufanya hivyo kwa vitenzi. Ukuta hupakwa rangi, na rangi hukaa juu yake. Nguo hutiwa rangi, na rangi huingia ndani ya nyuzi zake. Hapana fundi anayesema amepaka rangi ukindu wa mkeka. Tofauti hiyo ya kupaka na kutia ndiyo hasa tofauti ambayo wataalamu wa kemia huieleza: kuna unga usioyeyuka, ambao lazima ushikwe na gundi au mafuta ili ubaki juu ya kitu, na kuna rangi inayoyeyuka katika maji na kupenya. Mtafsiri wetu alitafuta nomino mbili, alipozikosa akaandika "rangi" pote. Laiti angalitazama vitenzi, angalikuta kazi imekwisha kufanywa.

Nilithibitishiwa jambo hili na mama mmoja msukaji mikeka, ambaye nilimwendea kwa sababu ya neno "mdaa". Nilimwuliza kama ile mizizi aliyokuwa akiichemsha ndiyo rangi nyeusi. Akanisahihisha kwa upole: huu, mwanangu, si rangi, ni mdaa, rangi utaiona ukindu ukishachemka na kukauka. Katika sentensi moja alitenganisha kitu na mwonekano, jambo ambalo mwongozo wa kurasa zaidi ya hamsini ulishindwa kulifanya.

Inafaa hapa kutaja hoja nyingine inayosikika mara kwa mara, kwamba Kiswahili ni maskini wa rangi kwa kuwa kina sifa tatu tu zinazochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Wanaosema hivyo hupenda kutaja utafiti wa Wamarekani Brent Berlin na Paul Kay, uliochapishwa mwaka 1969, ambamo Kiswahili kilikuwa moja ya lugha 20 zilizopimwa kwa kuwaonyesha wasemaji vipande vya rangi. Katika utafiti huo, jina la rangi ambalo pia ni jina la kitu lilitiliwa shaka kuwa si jina la msingi. Kigezo hicho huenda kiliwafaa kwa shabaha yao. Kwa mfasiri mambo ni kinyume. Manjano ni mzizi wa jikoni. Kijivu kinatokana na jivu, kijani kinatokana na jani, kahawia inatokana na kahawa. Tunayo zambarau, chungwa, waridi, maji ya kunde na damu ya mzee. Majina hayo ni kumbukumbu ya vitu ambavyo macho ya wasemaji yalivizoea. Mwongozo wa historia ya rangi ungepaswa kuanza na kumbukumbu hiyo. Badala yake umeiruka na kuorodhesha majina ya kigeni yaliyoandikwa kwa herufi zetu.

Vitu na majina yake

Mfano mzito kuliko yote ni neno "zingefuri". Ule unga mwekundu wa zebaki niliokwisha kuutaja umepewa na mtafsiri, katika sura ya tatu, jina hilo. Kwa upande wa asili ya neno, alikuwa na hoja. Neno hili limetujia kutoka Kiarabu na Kiajemi, na huko lilitaja hasa jiwe jekundu la zebaki na salfa pamoja na unga wake. Lakini katika Kiswahili mzingefuri ni mti. Matunda yake yana miiba laini, na mbegu zake hutoa wekundu unaoshika vidole. Mti wenyewe asili yake ni nchi za joto za Amerika, na mbegu zake hutumika katika nchi nyingi kutia rangi vyakula. Hivyo jina la jiwe lenye sumu limehamia kwa mbegu isiyo na sumu, kwa sababu wasemaji walifuata wekundu, wakaacha kitu.

Tazama sasa hatari iliyopo. Mwalimu mmoja akisoma kwamba zingefuri ni sumu, ataukata mti ulio nyuma ya darasa, ambao ungeweza kumpatia rangi ya bure. Mwalimu mwingine, anayeijua zingefuri tangu utotoni, atalipuuza onyo, na siku atakapoletewa kopo la unga wa zebaki atawagawia watoto waukoroge kwa mikono. Asili ya neno ni elimu nzuri, lakini haina mamlaka juu ya matumizi ya leo. Mtafsiri anayeandika kwa ajili ya watu walio hai hana budi kufuata kile wanachokielewa.

Kosa la pili linafanana na hilo kwa madhara, ingawa chanzo chake ni tofauti. Kuna unga mweupe uliotengenezwa kwa madini ya risasi, ambao wachoraji na wapaka nyumba waliutegemea tangu zama za Wagiriki na Warumi. Madhara yake yalijulikana kiasi kwamba mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia matumizi yake katika kupaka ndani ya majengo. Neno la Kiingereza la madini haya huandikwa sawa na kitenzi chenye maana ya kuongoza. Mtafsiri akaandika "nyeupe ya kuongoza", na katika ukurasa unaofuata akaifafanua kuwa ni nyeupe "iliyo bora kuliko nyingine". Tafsiri hiyo imekipamba kitu kilichokatazwa. Hapa hapakuhitajika istilahi mpya hata moja. Palihitajika mtu wa kemia aisome matini kabla haijafika kwetu.

Kosa la tatu ni la kuacha mali ya nyumbani. Udongo mwekundu wenye oksaidi ya chuma ndio rangi kongwe ya binadamu, na ndio tunaouona katika michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mwongozo unauita "oka". Nimewauliza watu kadhaa, na hapana aliyejua oka ni nini. Lakini maseremala wanayo ngeu, udongo mwekundu wa kupigia mstari kwenye ubao kabla ya msumeno kupita. Neno lipo, kitu kipo, na mtoto anaweza kupelekwa kwa fundi akakigusa bila hatari. Kadhalika chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, iliyozifanya nyumba za miji ya pwani kuwa nyeupe, haikutajwa, wala masizi, wala mkasiri, ambao gome lake liliwafaa wavuvi kutia weusi nyavu zao.

Neno "nili" nalo linataka uangalifu. Nili ya asili ni rangi ya kutia inayotokana na mmea. Nguo inapotolewa katika maji ya nili huwa na umanjano ulioelekea kijani, nayo hugeuka buluu inapopigwa na hewa. Kuanzia mwaka 1897 nili iliyotengenezwa kiwandani Ujerumani iliingia sokoni, na kilimo cha mmea huo kikadidimia. Lakini katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki nili ni ule unga wa buluu uliotiwa katika maji ya kusuuzia nguo nyeupe. Unga huo aghalabu ulikuwa kitu kingine kabisa, yaani ultramarini ya viwandani. Mwongozo unazungumzia nili ya mmea katika aya moja na ultramarini katika aya nyingine, na kote umeandika "nili". Mwanafunzi atadhani jani limesagwa likawa jiwe.

Maana haitoki hewani

Sura ya maana za rangi ndiyo inayopendwa na walimu, nayo ndiyo dhaifu zaidi. Imeandikwa kama orodha: nyeusi ni msiba, nyeupe ni usafi, zambarau ni ufalme. Kasoro ya kwanza ya orodha kama hii ni kuwa haisemi ni kwa nani. Sanda ni nyeupe. Mwenye kuhirimia hija huvaa nyeupe. Bibi arusi wa Kikristo huvaa nyeupe, na huko China nyeupe ni vazi la matanga. Katika Kiswahili chenyewe mwenye moyo mweupe ni mtu asiye na kinyongo, na kunapokucha tunasema ni kweupe. Kanga ya kisutu, inayohusishwa na arusi, ina wekundu, weusi na weupe kwa pamoja. Mwanafunzi akiambiwa tu kwamba nyeusi ni msiba, atamtazama bibi yake ndani ya kisutu asielewe.

Kasoro ya pili ni kutenganisha maana na historia ya kitu, ilhali mara nyingi maana imetokana na bei. Chukua zambarau na ufalme. Rangi iliyovaliwa na watawala wa Roma ilitokana na konokono wa Bahari ya Kati. Mwaka 1909 mwanakemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 akapata gramu 1.4 tu za rangi safi. Nguo iliyotiwa rangi hiyo ilikuwa ya mfalme kwa sababu maskini hakuweza kuinunua. Sasa, kwetu zambarau ni tunda linalodondoka lenyewe chini ya mti na kuzitia ndimi za watoto weusi wa buluu. Ukimwambia mtoto kwamba zambarau ni rangi ya ufalme, bila habari za konokono, umempa fumbo. Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba Lidia wa Thiatira katika tafsiri inayotumika sana anatajwa kuwa muuza rangi ya zambarau. Hapo neno "rangi" ndilo linalotuzuia tusidhani aliuza matunda, lakini halituambii kama aliuza rangi yenyewe au nguo zilizokwisha kutiwa rangi. Kwa zambarau ya wafalme napendekeza "urujuani", neno tulilolipata kwa njia ya Kiarabu, ambalo halina harufu ya tunda.

Ukiritimba huo ulimalizwa na bahati. Mwaka 1856 William Henry Perkin, kijana wa miaka 18 huko London, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, akapata matope ya urujuani yaliyotia rangi hariri. Tangu hapo urujuani ukawa wa kila mwenye fedha kidogo. Buluu nayo ilipitia njia hiyo. Katika Italia ya karne ya 15 mikataba ya uchoraji ilitaja hata ubora wa buluu itakayopakwa katika vazi la Bikira Maria, kwa kuwa jiwe lake lilichimbwa Badakhshan, katika Afghanistani ya leo, na bei yake ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa bei nafuu, na mwaka 1828 Jean-Baptiste Guimet akaipata zawadi hiyo. Buluu iliyokuwa ya altare ikaishia katika beseni la kufulia. Hii ndiyo picha ambayo ningependa kuiona ukutani, na habari zake zote zimo katika mwongozo, isipokuwa zimetawanywa katika sura mbili ambazo hazijuani.

Mfano wa nyumbani ni bendera ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Kijani ni ardhi na mimea yake, nyeusi ni watu, buluu ni bahari na maziwa, na ile michirizi miwili ni madini. Mtafsiri anaandika kwamba "manjano ni madini". Kwa mwonekano hakukosea, kwani mchirizi ni wa manjano. Kwa maana amekosa, kwa sababu manjano huchimbwa shambani na kusagwa kwa ajili ya mchuzi. Anayeeleza maana aseme "dhahabu", na uhusiano na madini utajieleza. Zaidi ya hayo, katika ukurasa huo huo buluu imeitwa pia bluu, samawati na nili, kwa nia ya kupamba lugha. Mtoto akihesabu atapata bendera yenye rangi saba.

Pingamizi

Nilipoyaeleza haya kwa walioleta tafsiri, nilijibiwa kwamba tukope neno "pigmenti" na mambo yaishe. Sina chuki na maneno ya kukopa, na katika elimu ya viumbe pigmenti limekwisha kuzoeleka. Lakini kwa mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi neno hilo halimwambii lolote kuhusu kitu kilicho mkononi mwake. "Unga wa rangi" linamwambia kwamba ni unga, kwamba hupeperuka, na kwamba hautashika bila gundi.

Pingamizi la pili lilikuwa na nguvu zaidi: kwamba mafundi na wauza duka wana majina yao, nasi tutaongeza mengine juu yake. Ni kweli, na mwongozo wenyewe umeteleza papo hapo. Umemtaka mwalimu anunue "rangi ya maji" kwa ajili ya michoro ya karatasi. Dukani rangi ya maji ni ndoo ya kupakia ukuta. Vivyo hivyo "rangi ya mafuta" dukani ni ile inayong'aa ya milango na mageti, wala si ya mchoraji. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za kung'aa za aina hiyo, zilizojulikana kwa kupakia baiskeli, na mng'ao wa picha zake umetokana na kitu hicho. Kwa hiyo jina la dukani liachwe kama lilivyo, na kifaa cha mchoraji kiongezewe neno moja: rangi ya maji ya kuchorea, rangi ya mafuta ya kuchorea.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, nawaletea wasomaji mapendekezo yafuatayo:

1. Neno "rangi" likiwa peke yake litaje mwonekano tu. Panapowezekana itumiwe nomino ya hali: wekundu, weusi, weupe.

2. Unga usioyeyuka uitwe "unga wa rangi". Ukichanganywa na gundi, mafuta au ute wa yai uwe "rangi ya kupaka". Ile inayopenya nyuzi iwe "rangi ya kutia".

3. Jina la kitu litangulie jina la mwonekano: ngeu, chokaa, masizi, mdaa. Penye sumu, sumu itajwe ndani ya jina: "unga mwekundu wa zebaki", "unga mweupe wa madini ya risasi". Zingefuri ibaki kuwa mbegu.

4. Maana ya rangi isielezwe bila kutaja ni ya watu gani na ya wakati gani.

5. Katika kitabu kimoja rangi moja iwe na jina moja.

Tafsiri imerudishwa kwa mwenyewe, na amekubali kuipitia upya pamoja na mwalimu wa kemia. Ukurasa wa zingefuri umekwisha kurekebishwa, na ule mti wa nyuma ya darasa haujakatwa. Pendekezo la pili ndilo ambalo sina hakika nalo kabisa, kwa kuwa masizi yaliyokorogwa kuwa wino hayaketi vizuri upande wowote. Wasomaji walio karibu na wasukaji mikeka, maseremala, wavuvi na wapiga chokaa wanaombwa watuletee majina yanayotumiwa na mafundi hao, pamoja na maelezo ya kitu chenyewe na jinsi kinavyoandaliwa, ili orodha itakayofuata isitungwe mezani peke yake.